Arobaini ya Shamba la Mariam Poni

Mtu hapeleki uchafu ofisini. Hilo Mariam Poni alilijua tangu utotoni, maana alizaliwa kambini, baba yake akiwa koplo, na katika nyumba ya koplo hata njia ya kuku ilifagiliwa. Kwa hiyo yule bwana wa maabara ya udongo kule Arua alipotuma neno kwamba aletewe mizizi ya maharage kutoka kijijini kwao Dranya, Mariam hakuing'oa na kuitupia kwenye gunia kama wafanyavyo watu waliokosa malezi. Alichagua mimea mitano mizuri kuliko yote, akaketi nyuma ya jiko na beseni la maji, kipande cha sabuni na kitambaa, akaiogesha mizizi ile kama anayemwogesha bwana harusi.

Hapo ndipo alipoona aibu. Mizizi ilikuwa na vipele. Vidogo, vya mviringo, vimejazana huku na huku mpaka ncha. Kupeleka mizizi yenye upele Arua ni sawa na kumpeleka mtoto mwenye upele shule siku ya kwanza. Watu hawamwulizi mtoto, wanauliza mama yake ni nani. Mariam akakaza kucha, akavibandua kimoja kimoja, mpaka mizizi ikabaki laini na myeupe. Maji akayamwaga, mizizi akaifunga kwenye gazeti, na akajisifu kimoyomoyo.

Usimcheke bado. Shamba lile ndilo lililokuwa roho yake.

Lilikuwa ekari moja na nusu, na kwenye kona yake lilisimama gofu la banda ambamo baba mkwe wake alikuwa akikaushia tumbaku. Mzee yule alilima tumbaku miaka ishirini mfululizo, na miaka yote hiyo alilimwagia shamba mbolea ya chumvichumvi bila kupumzika, mpaka udongo ukachacha. Wanawake wa Dranya walilijua hilo kabla ya maabara yoyote. Mwenye mimba akipata hamu ya udongo, humega kichuguu akatafuna akatulia, lakini udongo wa shamba la tumbaku ulikunja uso kama ndimu. Mariam aliuonja katika mimba zake zote nne, na mara zote nne aliutema.

Mume wake alipofariki, ukoo ulimwachia shamba hilo hilo. Alipanda maharage, yakatoka ya manjano na mafupi, yakazaa maganda mawili mawili kama yanayotoa sadaka kwa shingo upande. Pale konani tu, kando ya gofu la banda, ndipo maharage yalipostawi kijani, na mimea mitano aliyoiogesha ilitoka huko.

Shemeji yake, Swadiki, mdogo wa marehemu, alikuwa sajini mstaafu na ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ukizidi hufanana na ubaya. Alikuwa ameotesha miche mia nne ya mikaratusi kwenye mifuko myeusi, ameipanga kumi kumi nyuma ya nyumba yake, na kila asubuhi aliikagua kama gwaride. Ardhi isiyolisha watu, alisema, ibebe miti.

Mariam aliijua mikaratusi. Ikishaingia haitoki. Inakunywa maji yote, inaua kila kinachojaribu kuota chini yake, na mjane hana nguvu za kung'oa visiki. Akishapoteza shamba lile, atabaki kuwa mwanamke wa kupita kwa watu akiomba mistari miwili ya kulima, na kushukuru kwa kupiga magoti. Afadhali kufa, alijiambia, ingawa alijua hatakufa, ataomba tu.

Basi walikubaliana Arua iamue. Swadiki aliipenda sana karatasi. "Kama Arua inasema hii udongo iko hai, mimi nanyamaza, mama Lado," alimwambia. "Kama inasema iko kufa, mimi napanda miti."

Mtaalamu wa maabara aliitwa Moris, mtu wa mtaa wa Awindiri, mpole, mwenye miwani na mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Alifungua gazeti la Mariam, akaishika mizizi, akaigeuza upande huu na upande ule chini ya kioo cha kukuzia. Kisha akachanganya na maji udongo ambao Mariam aliuchota katikati ya shamba, akatumbukiza kipimo chake, akasoma namba.

"Nne nukta tatu," akasema kwa sauti ndogo. "Mama, saba ndiyo katikati. Ukishuka chini ya tano, hapo uchachu iko kali sana. Bakteria yenye inalisha maharage haiwezi kaa. Na kweli, kwa hii mizizi hakuna hata moja."

Mariam hakuuliza bakteria anafananaje, kwa sababu aliona haya. Na Moris hakuuliza kwa nini mizizi inang'aa vile, kwa sababu mtaalamu akiona jibu alilolitarajia haulizi swali la pili. Akaandika karatasi, akapiga muhuri, akampa kwa mikono miwili.

Njiani kurudi Dranya kupitia Koboko, Mariam aliishika ile karatasi karibu na dirisha la gari, upepo ukiivuta. Ingepeperuka nani angejua? Lakini binti wa koplo hatupi kitu chenye muhuri. Akaipeleka mwenyewe mpaka mkononi mwa Swadiki.

Swadiki aliisoma mara mbili akiwa amesimama wima. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Hata sauti yake ilikuwa na huruma. "Maji yakimwagika hayazoleki, mama Lado. Hii shamba ilikufa tangu wakati ya mzee. Mwezi ya nane, mvua ikiwa nzuri, napanda."

Mariam akarudi nyumbani na hasira, na kama ilivyo kawaida ya hasira, ilimtafuta mtu wa kumtokea. Ikampata Prossy.

Prossy alikuwa mke wa mwanawe Lado, dereva wa lori aliyekuwa Juba siku nyingi kuliko nyumbani. Alikuwa binti wa kutoka Adumi, mwenye adabu na mkono mwepesi wa kazi, na siku hiyo, kwa kutaka kumfurahisha mama mkwe aliyetoka safari, alikitwaa chungu cha kuchachushia uji akakisugua kwa majivu, kwa mchanga, na mwisho kwa sabuni. Chungu kikang'aa ndani.

Mariam alikiangalia, akaketi chini. Chungu kile alipewa na mama mkwe wake, naye alipewa na wa kwake. Hakikusuguliwa ndani hata siku moja. Kila mara uji wa mtama na muhogo ukipikwa, huachwa kidogo cha jana pale chini, nacho ndicho kinachouchachusha wa kesho.

"Prossy, mwanangu," akasema, "wewe iliua uji."

Kweli uji haukuchacha. Siku ya kwanza ulikuwa kama maji ya kunawa, siku ya pili hivyo hivyo. Mariam akamsema Prossy kwa majirani, akamsema kwa mbuzi, akamsema hata akiwa peke yake. Siku ya tatu ndipo jirani yao Suzan, mkimbizi wa Sudan Kusini, alipoleta chachu kwenye kikombe. Na chachu hiyo aliipata wapi? Aliipata kwa Mariam mwenyewe, miaka miwili nyuma, siku alipowasili na watoto bila chungu. Uji ukachacha asubuhi iliyofuata. Prossy akapumua, lakini hakusahau.

Wiki ile ile Moris alikuja Dranya kufundisha wakulima kwenye ukumbi wa gombolola, yaani ofisi ya tarafa. Mariam alikwenda, si kwa hamu ya elimu, bali kwa sababu kukaa nyumbani kulimfanya ahesabu siku. Prossy akaketi kando yake, mstari wa mbele.

Moris akatoa chupa ya kioo. Ndani yake mlikuwa na mzizi wa maharage, na mzizi ule ulikuwa na vipele.

"Hii ndiyo vinundu," akasema, akiizungusha chupa ili wote waone. "Watu wengi wanafikiri ni ugonjwa. Si ugonjwa, ni nyumba. Ndani iko bakteria, wadudu ndogo sana, macho haiwezi ona. Anashika hewa, anapika, analisha maharage. Na maharage inamlipa sukari. Ukikuta vinundu, na ukipasua ndani iko nyekundu, jua udongo iko na uhai."

Mariam alinyoosha mkono polepole.

"Daktari. Hiyo vipele. Kama mutu iliitoa na kucha, halafu ikaosha mizizi na sabuni?"

Moris akatabasamu. "Lakini mama, nani anaweza fanya hivyo?"

Mariam akaangalia kucha zake. Kabla hajainua uso ikasikika sauti ya Prossy, ya upole, haina haraka.

"Mama. Wewe iliosha shamba kama mimi iliosha chungu."

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na siku hiyo nyani alionyeshwa mbele ya gombolola nzima. Mariam angeweza kukasirika, na Prossy alishajiandaa kwa hilo. Badala yake kicheko kilimpanda kutoka tumboni, kikamtikisa mabega, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya shela. Ukumbi mzima ukacheka naye. Moris peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, maana ndiyo kwanza alikuwa anaelewa kwamba ile sifuri aliyoipigia muhuri ilikuwa sifuri ya sabuni.

Wakaenda moja kwa moja shambani, kwenye kona ya banda, ambako ilibaki mimea saba. Moris akachimba mmoja kwa kijiko, taratibu, na mzizi ukatoka umebeba vinundu kama shanga. Akapasua kimoja kwa ukucha. Kilikuwa chekundu ndani. Kisha akapima udongo wa pale pale.

"Nne nukta mbili," akasema, akachuchumaa. "Hapa kuna uchachu kushinda ile ya kwanza. Hapa bakteria haiwezi kaa." Alisema hivyo huku ameishika nyumba ya bakteria mkononi, na alipolitambua hilo akakisoma kipimo chake upya.

Mariam ndiye aliyemweleza. Mama mkwe wake alipanda maharage kwenye kona hiyo kila mwaka, ya kuwalisha vibarua wa banda. Hakuruka mwaka. Hata walipokimbilia ng'ambo ya mpaka wakati wa vita na kurudi, mbegu ya kwanza kuingia ardhini ilikuwa ya kona ile. Lakini katikati ya shamba palikuwa tumbaku tupu, miaka ishirini haikuonekana harage hata moja.

"Hii kona ni chungu yenye haikuoshwa," akasema, akimtazama Prossy. "Masalia ya jana iko hapa. Kule katikati hakuna mutu iliwahi weka chachu."

Moris akamwangalia kama mtu aliyesomewa kitabu chake na mtu mwingine. "Mama, hiyo ndiyo maneno nilisoma miaka tatu," akasema.

Lakini Swadiki hakusoma kitu chochote isipokuwa ile karatasi. Walimkuta akinywesha miche yake maji. "Kona iko na majivu ya banda, inapunguza uchachu, ndiyo maana," akasema.

"Nimepima, afande. Majivu iliisha zamani, uchachu iko kali kushinda," Moris akajibu. "Na karatasi ile ilikosea. Mimi ndiye nilikosea."

"Karatasi yenye muhuri haikosei. Kona si shamba. Katikati iko kufa."

Mariam akapiga hatua mbele. "Sawa, shemeji. Iko kufa. Basi tufanye kama tunafanya kwa mutu. Mutu akikufa, hatugawi kitu yake kabla ya arobaini. Nipe arobaini ya hii shamba."

Swadiki akaona ameshikwa. Mwislamu, mkubwa wa ukoo, atamnyimaje mjane arobaini? Akahesabu kwa vidole. Siku arobaini zingeishia mwisho wa mwezi wa saba, kabla ya kupanda miti. Akakubali, kwa sharti kwamba mahali atachagua yeye. Akachagua katikati kabisa, pale ambapo hata magugu yalikuwa yamekata tamaa, akapima kwa hatua zake za kijeshi na kufunga kamba: mistari tisa.

Mitatu ya kwanza walipanda mbegu kavu. Mitatu ya pili Moris alizipaka mbegu unga mweusi wa bakteria aliokuja nao, wa kununuliwa dukani. Mitatu ya mwisho ilikuwa ya Mariam. Alichota udongo wa kona kutoka shinani mwa maharage, akasaga vinundu humo humo, na ili tope ligande kwenye mbegu akatia ute wa bamia aliyoichemsha na kuiacha ipoe.

"Kitabu inasema gundi," Moris akanong'ona.

"Kitabu haijakula bamia," Mariam akajibu.

Mbegu zikavaa makoti ya tope, zikaanikwa kivulini, na Prossy akazifukia haraka haraka kabla jua halijaziona. Beseni halikuoshwa.

Siku ya kumi mistari yote tisa iliota. Siku ya kumi na tano yote tisa ilikuwa ya manjano. Mariam alikwenda kuitazama kila baada ya sala ya alfajiri, na kila alipoitazama alijisikia mjinga. Alimega udongo akauonja. Ulikuwa mchachu vile vile, ukamkunja uso. Hofu ilimkalia kifuani kama mgeni asiyeaga. Siku ya ishirini Swadiki alikuja na jembe akaanza kuchimba mashimo ya miche pembezoni mwa shamba, bila neno, kwa nafasi sawa sawa. Mariam alisikia kila pigo la jembe lile mwilini mwake.

Prossy ndiye aliyeona kwanza, siku ya ishirini na tatu. Alikuja mbio mpaka jikoni, mikono ina unga. "Mama, kuja uangalie majani mapya. Usiangalie ya zamani, angalia mapya."

Majani ya zamani yalikuwa ya manjano bado. Lakini juu, kwenye mistari mitatu ya mwisho, kila jani lililofunguka lilikuwa kijani. Mariam hakuamini. Akajitanda kanga, akapita mstari kwa mstari akilinganisha, akarudi mwanzo, akapita tena. Akapiga goti akasema alhamdulillahi, kisha akaikanya nafsi yake isifurahi mapema.

Siku ya thelathini haikuhitaji tena kulinganisha. Mtu aliyepita barabarani aliona: mistari sita imesinyaa, mitatu imesimama na inatoa maua. Wanawake waliotoka sokoni walitua mizigo wakatazama. Swadiki akaacha kuchimba mashimo, na akaanza kwenda msikitini kwa njia ya mzunguko, ile ndefu ya nyuma, ili asipite pale. Watu wakaona hilo pia.

Siku ya arobaini Mariam alipika kama inavyopikwa arobaini: wali, nyama kidogo, na chungu kizima cha uji mchachu. Majirani wakaja, Suzan akaja na wanawe, Moris akafika kwa pikipiki kutoka Arua akiwa na vumbi mpaka kwenye miwani. Swadiki alikuja wa mwisho, amevaa buti zake za zamani, na nyuma yake vibarua wawili wakisukuma toroli la miche. Alikuwa ametoa neno, na neno lake lilikuwa na pande mbili: kunyamaza, au kupanda miti.

"Tuchimbe," akasema.

Moris akachimba mstari wa kwanza. Mzizi ulitoka mtupu. Akachimba wa nne, wa unga wa dukani. Ukatoka na vinundu vitatu, vidogo, na alipovipasua vilikuwa vyeupe, havina kazi. Alipoufikia wa saba, Swadiki akamzuia. "Mimi nang'oa mwenyewe. Na ninachagua mwenyewe."

Akaingia mstari wa nane, akatembea mpaka katikati, akachagua mmea ambao haukuwa mkubwa wala mdogo, akachimba kuuzunguka kwa kisu chake na kuunyanyua na tope lake. Akaukung'uta polepole. Watu wakasogea. Mzizi ulikuwa umefunikwa. Swadiki alianza kuhesabu vinundu kwa sauti, kimoja kimoja, kama anayeita majina ya askari. Alipofika sitini na moja akaacha, na bado upande wa pili haujaguswa. Akapasua kimoja kwa ncha ya kisu.

"Damu," akasema.

"Inafanana damu, afande," Moris akasema. "Hiyo rangi ndiyo kazi. Ikiwa nyekundu, inafanya kazi."

Swadiki hakuinuka. "Hawa ya dukani ilishindwa. Hawa ilikaa namna gani?"

Moris akachuchumaa naye. "Uchachu unataka kuingia ndani yao kila saa, hauchoki. Ukijaa ndani, wanakufa. Hawa ya dukani ilikulia mahali laini, ngozi yao inavuja. Hawa ya kona iko na ngozi imebana, uchachu unaingia kidogo tu. Na ile kidogo inaingia, wanasukuma nje, mchana na usiku, bila kupumzika. Tena wanajivika ute kama wa bamia, inawakinga. Na haikuwa siku moja, afande. Udongo ilichacha pole pole, mwaka kwa mwaka. Yenye haikuweza ikakufa. Yenye iliweza ikazaa."

Swadiki akaugeuza mzizi ule mkononi. Aliposema, hakuwa anasema na Moris. "Sisi ilikaa kwa handaki wiki tatu, wakati ya mvua. Maji inaingia, sisi tunatoa na kopo. Huyu akilala, huyu anatoa. Ukiacha kutoa, umekwisha."

"Ni hivyo hivyo, afande."

"Basi hawa iko askari," Swadiki akasema, akainuka, na magoti yake yakalia. Akawageukia vibarua wa toroli. "Geuza. Peleka miti kwa mlima ya mawe, kule kwangu. Hapa iko watu."

Hapo Dranya ikalipuka. Prossy akapiga kigelegele cha Adumi, Suzan akakipokea kwa cha kwao, na wanawake wakaruka juu ya yale mashimo ya miche kama watoto. Mariam hakuruka. Alisimama katikati ya mistari yake mitatu, machozi yanamtiririka na hayafuti, na furaha ikamjaa mpaka akashindwa kujua aiweke wapi. Shamba ni lake. Alilisema kwa sauti, kwa Kikakwa, lugha ya kwao, mara mbili, asikie mwenyewe.

Watu wakala arobaini ya shamba lililofufuka. Swadiki alikunywa bakuli mbili za uji, kisha akaitoa ile karatasi mfukoni mwa shati na kumpa Moris. "Andika nyuma yake: iko hai. Na muhuri."

Muhuri ulikuwa Arua, kwa hiyo Mariam akaenda Arua. Moris alimpitisha mpaka chumba cha ndani, akamwonyesha vyombo viwili vya kioo vyenye chakula cha bakteria kilichotiwa uchachu kwa makusudi, kufikia ule wa shamba lake. Katika kimoja alikuwa amepanda bakteria wa dukani, na kilikuwa kitupu. Katika cha pili kulikuwa na madoa mengi, yamevimba, yanang'aa kwa ute. Juu yake palikuwa na karatasi ndogo iliyoandikwa: Dranya, kona ya Mariam Poni. Mariam alilisoma jina lake mara tatu. Na alipotoka akaona tangazo jipya mlangoni, kwa herufi kubwa: Mizizi iletwe na udongo wake. Usioshe.

Mvua ya mwezi wa nane iliponyesha, alipanda shamba zima. Prossy ndiye aliyesimamia tope na bamia, na hakuna aliyemfundisha kazi.

Walikuwa konani wakichota udongo wa mwisho Swadiki alipotokea. Alikuwa amebeba beseni la bati, na beseni lenyewe lilikuwa limesuguliwa likawa linamulika kama kioo cha kunyolea. Akasimama wima mbele ya Mariam.

"Shemeji, naomba hiyo tope. Kwa shamba yangu ya chini. Na yenyewe ilikuwa tumbaku."

Mariam akaliangalia beseni, akamwangalia Prossy. Prossy akauma ncha ya kanga yake.

"Hii beseni iko safi sana, shemeji."

"Niliosha mimi mwenyewe na sabuni. Mutu hapeleki uchafu kwa mutu."

Mariam hakucheka, ingawa ilimgharimu. Alipiga magoti shinani mwa maharage, akachota kwa mikono miwili, akachota tena, akalijaza beseni mpaka ukingoni na mizizi yake na vinundu vyake. "Chukua, shemeji," akasema. "Na ukimaliza, bakisha kidogo pale chini. Usioshe."

Sajini Swadiki akainama, akalitwika beseni la tope kichwani kama wanawake watokao kisimani, akashika njia. Hakupita ile ya nyuma. Alipita barabarani, mbele ya msikiti, watu wote wakitazama.